Kutu ya Gari la Fundi Njoroge

Siku mliponiaga pale karakana, kati ya soda na keki, yule kijana wa rangi aliniuliza, "Mama, utaenda na kila kitu kichwani, sisi tubaki na nini?" Nikamjibu mtabaki na ile kompresa inayovuja, mkacheka. Lakini nilipofika nyumbani swali lake lilinikaa, nikatafuta daftari.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala mshahara ulikuwa nini. Hayo yako kwenye faili za ofisi, kama panya hawajayamaliza. Nitaandika nilivyoanza, na habari za gari moja ambalo halikuwa hata la kampuni. Magari ya kampuni ya chai nimeyanyoosha kwa zaidi ya miaka thelathini na mengi nimeyasahau. Hili moja naweza kulichora hata leo nikiwa nimefumba macho.

Niliripoti kazini mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikitoka chuo cha ufundi cha kijijini, karibu na kwetu Kiptere. Nilikuwa na cheti cha kuchomelea vyuma. Karani aliyenipokea alikisoma mara mbili, akaiangalia sketi yangu, kisha akanipeleka kwa washonaji wa viti vya magari. Nilikaa huko karibu saa nzima nikishikilia kitambaa cha mtu, mpaka nikapata ujasiri wa kusema kwamba mimi si wa kushona. Karani akanivusha uwanja hadi sehemu ya bodi huku akitabasamu kama mtu anayepeleka mbuzi kanisani.

Mkubwa wa bodi alikuwa Fundi Njoroge. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono iliyoonekana kama imeazimwa kwa mtu mrefu, na fulana ya sufi chini ya ovaroli hata jua likiwaka. Alizaliwa Murang'a, lakini alikuwa amenunua shamba dogo Fort Ternan, karibu na reli, na huko ndiko alikokaa mke wake, Mama Wambui, na watoto. Yeye alilala kwenye nyumba za kampuni na kushuka nyumbani kila Ijumaa. Nilingoja aniulize mwanamke anatafuta nini kwenye mabati. Hakuuliza.

"Unasikia vizuri?" akaniambia.

"Nasikia."

"Masikio yote mawili?"

"Yote mawili, Fundi."

Akanipa nyundo ndogo na chaki, akanionyesha lori la kubebea majani mabichi ya chai. "Gonga polepole kutoka hapa mpaka pale. Ukisikia sauti imebadilika, weka alama."

Nyinyi mmezoea magari yenye vitanda vya alumini. Wakati huo vilikuwa vya chuma, na majani mabichi hufika yakiwa yanadondosha maji, siku saba kwa wiki, mwaka mzima. Lori lingeweza kung'aa rangi kwa nje na huku chini limeoza kama gogo. Bati zima ukiligonga linajibu kwa ukali. Lililooza linajibu kama godoro. Niligonga asubuhi nzima nikaweka alama saba. Fundi akapita baada yangu, akapata tisa.

"Hizi mbili zilikupita wapi?"

"Nilikuwa nawaza chakula cha mchana."

"Basi kutu nayo ilikuwa inakula."

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa kutoamini fila, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bati. Mnajua jinsi inavyojaribu mtu: shimo liko hapo, mwenye gari ana haraka, unapaka, unapiga msasa, unapuliza rangi, kila mtu anafurahi. Nilifanya hivyo mara moja kwenye mlango wa pikapu ya nyapara mmoja. Njoroge alikuja, akamsalimu nyapara kwa heshima zote, kisha akabonyeza mlango kwa kidole gumba. Kidole kikaingia mpaka ndani. "Chelangat," akaniita mbele ya mwenye gari, "kutu haijui kwamba umeifunika. Inaendelea tu na kazi yake." Nilitamani ardhi inimeze. Nililikata lile bati lote nikaanza upya, na tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kukata mpaka nikute chuma kinachong'aa, hata kama shimo la ukubwa wa sarafu litageuka kuwa la ukubwa wa sahani.

Njoroge alikuwa na gari lake, steshenwagoni ndefu ya Kifaransa yenye viti mistari mitatu, iliyoundwa miaka ya sitini, nami nilikuwa sijazaliwa au nilikuwa na meno mawili. Ilikuwa na rangi ya chai yenye maziwa mengi. Ndiyo iliyompeleka Fort Ternan kila Ijumaa na kumrudisha Jumapili jioni, buti ikiwa imejaa ndizi na miwa ya kugawia watu wa karakana.

Kisha zikaja zile fujo. Waliokuwepo wanazijua, na wasiokuwepo wasitamani. Watu waliokuwa wakiazimana jembe walianza kuulizana wametoka wapi. Mimi ni Mkipsigis na Njoroge ni Mkikuyu. Nilikuwa nimelijua hilo kama unavyojua saizi ya kiatu cha mtu unayefanya kazi naye. Halikuwa la kuwaza. Sasa likawa ndilo jambo la kwanza ambalo kila mtu alitaka kulijua.

Asubuhi moja trekta liliingia kwetu Kiptere likivuta ile steshenwagoni kwa mnyororo. Klachi ilikuwa imekufa wiki mbili kabla, na Njoroge hakuwa amepata nafasi ya kuishughulikia. Aliruka chini akiwa amevaa koti la Jumapili na buti za kazi. Mama Wambui na watoto alikuwa amewaacha Kericho mjini, juu ya magodoro, wakingoja lori lolote la kwenda upande wa Nakuru.

"Chelangat, sina mahali pa kuiweka."

"Iache hapa, Fundi."

"Mume wako amekubali?"

Nikageuka kumtafuta Kiprono nimuulize. Alikuwa tayari kwenye banda, anawatoa ndama.

Tuliisukuma ndani sisi watatu na dereva wa trekta. Njoroge akanipa ufunguo. "Nikirudi nitaichukua. Nisiporudi, kata hilo paa ufanyie ng'ombe birika ya maji." Alicheka. Sisi hatukuweza. Akapanda trekta bila kuangalia nyuma.

Haikupita wiki, vijana sita wenye mapanga wakaja mchana, wakasimama langoni. Wawili niliwajua, mmoja nilisoma na dada yake. Kiprono alikuwa anakatia ng'ombe majani ya nepia kwa panga, na hakuacha.

"Gari hii ni ya nani?" mmoja akauliza.

"Ya mke wangu."

"Mke wako ana gari?"

"Si ni fundi? Kwani fundi hawezi kuwa na gari mbovu?"

Wakanitazama. Nilikuwa nimetoka zamu na bado nilikuwa na ovaroli. Nikasema jambo la kwanza lililonijia: kwamba nimeinunua kama chuma, nataka kuitengeneza, na kama kuna anayejua mahali pa kupata klachi aniambie. Wakaguna kidogo, wakaizunguka, mmoja akapiga gurudumu teke, wakaondoka. Kiprono aliendelea kukata nepia mpaka walipopotea kwenye kona ya majani chai. Ndipo akaomba maji, na nikasikia kikombe kikigonga meno yake.

Sasa mnaona jinsi nilivyoianza kazi ile. Sikuianza kwa upendo wa magari ya zamani. Niliianza kwa sababu mume wangu alikuwa amesema gari ni langu, na gari la fundi lazima lisikike likigongwa. Kesho yake nikavaa ovaroli, nikaingia bandani, nikaanza kupiga kelele na nyundo.

Lakini nikigonga siwezi kutosikia. Nilianza na madigadi ya mbele ya kushoto, ikanijibu kama godoro. Nikaenda mlangoni, chini yake, godoro. Nikatoa zulia upande wa dereva nikajaribu sakafu kwa bisibisi. Ikapenya mpaka mpinini, na kuku aliyekuwa amelala chini ya gari akatoka mbio akipiga kelele. Vitundu vya kutolea maji chini ya milango vilikuwa vimezibwa na matope na majani ya saipresi ya miaka mingi, kwa hiyo kila mvua iliyoingia ilikuwa imekaa humo ndani kama kwenye chupa. Na mvua yetu mnaijua. Njoroge, aliyenitobolea pikapu kwa kidole gumba, alikuwa anaendesha gari ambalo lingemdondosha barabarani. Kazi ya wengine humaliza siku yote ya fundi.

Nilikaa kwenye ngazi ya banda nikiwaza. Ningeweza kuendelea kugonga kwa ajili ya majirani tu. Au ningeweza kulitengeneza. Nikawaza: kama huyu mtu atarudi, akute nini?

Kutengeneza bodi nyumbani si kama karakana. Kwetu hakukuwa na stima. Niliunganisha kwa gesi ya kabaidi: unaweka mawe ya kabaidi kwenye mtungi, unadondosha maji kidogo kidogo, na gesi inatoka ikinuka kama vitunguu vilivyooza. Mtungi wa oksijeni niliukodi Kericho, ukaja juu ya gari la maziwa. Tangi la petroli nililitoa kwanza kabisa na kulipeleka nyuma ya choo, mbali na moto. Nawaomba, kama mtasahau yote niliyoandika, hilo msilisahau. Mabati ya viraka niliyakata kwenye pipa kuukuu la mafuta. Unene wake ulikaribiana na wa bodi, na ukilinyoosha vizuri linakubali kukunjwa. Kila Jumamosi baada ya zamu, na siku nyingine saa moja kabla ya kukama, nilikata kilichooza, nikasugua kwa brashi ya waya, nikapima kiraka, nikakishika kwa nukta za moto: nukta hapa, nukta upande wa pili, kitambaa chenye maji juu yake, kisha nangoja. Ukiunganisha mstari mmoja mrefu kwa haraka, bati linajikunja kama chapati kwenye kikaango. Viraka vyangu vya kwanza vilikuwa hivyo hasa.

Mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Kogo, alikuwa na nyumba yake hatua chache kutoka bandani. Hakufurahia. Mke wa mwanawe kugonga chuma kwa kampuni alikuwa amevumilia, lakini kugonga tena nyumbani, mbele ya wageni wa kanisa, kulimzidi. Alikuwa akipita na kibuyu chake cha mursik, maziwa yetu ya mgando, bila kunitazama, kama watu wanavyopita penye mlevi.

Kosa kubwa nililifanya msimu wa mvua wa pili. Zile mbavu mbili za chuma zinazopita chini ya milango, kushoto na kulia, ndizo uti wa mgongo wa gari la namna ile. Zote mbili zilikuwa zimeoza. Mtu mwenye akili hukata moja, anatengeneza, kisha anaenda kwenye ya pili, na kabla ya yote anaweka nguzo chini na kukaza vyuma ndani ya milango ili bodi isitembee. Mimi nilikuwa na haraka ya kurudisha mtungi wa oksijeni. Nikakata zote mbili siku moja.

Nilisikia sauti ndogo tu, kama mtu anayekunja vidole. Nikajaribu kufunga mlango, haukufunga. Wa pili, haukufunga. Gari lilikuwa limelegea katikati.

Siku hiyo nililia, na sioni aibu kuwaandikia. Ikawa bahati mbaya kwamba kaka mkubwa wa mume wangu, Arap Mutai, alikuwa amekuja kuuliza habari za banda, maana ndama wake nao walikuwa wananyeshewa. Aliangalia milango ile iliyoning'inia.

"Mama Cherono," akasema, akiniita kwa jina la mtoto wetu, na hakusema kwa ubaya, "unamwekea nani? Yule mtu harudi. Watu wa vyuma vikuukuu wanapita kutoka Sotik kila wiki. Waachie, upumzike."

"Nimesema nitamwekea."

"Ulimwambia yeye. Sasa hata hujui kama yuko hai."

Alipoondoka nilibaki nimekaa juu ya pipa. Kogo akatoka nyumbani kwake, akaja mpaka mlangoni mwa banda, akainamisha kichwa, akaliangalia gari kwa jicho moja kama anayechagua ng'ombe sokoni.

"Limeinama upande huu kuliko ule," akasema.

Nikamwambia haiwezekani, limeshuka sawasawa.

"Nimeangalia migongo ya ng'ombe miaka sitini. Upande huu."

Nikachukua uzi, nikampa ncha moja aishike kwenye kona ya mbele, mimi nikaenda kona ya nyuma ya upande wa pili. Kisha tukapima kwa mshazari mwingine. Nyuzi mbili zile zilipaswa kuwa sawa. Zilipishana upana wa vidole viwili, na kasoro ilikuwa upande aliousema. Basi tukaanza. Kiprono akakata nguzo za mkaratusi, tukaazima jeki mbili kwa dereva wa lori, na kwa Jumamosi tatu tuliinua gari lile unywele kwa unywele. Kogo alishika uzi, alisema "bado," na alikuwa sahihi kila mara. Siku mlango wa dereva ulipofunga kwa sauti moja safi, aliufungua akaufunga tena mara nne, kisha akaenda kuniletea mursik kwenye kikombe kikubwa. Hatukulizungumzia lile jambo la wageni wa kanisa tena.

Habari za Njoroge zilikuja kupitia kwa dereva mmoja wa kampuni. Alikuwa amesimama Naivasha kunywa chai, akamwona kando ya barabara akinyoosha kichwa cha lori, na fulana yake ya sufi. Nikamwandikia barua, dereva akaipeleka. Nilimwambia tuko salama, gari lipo, na linaendelea vizuri. Jibu lilifika baada ya wiki mbili. Nilikwenda kulisomea nyuma ya lori ili watu wasinione.

"Chelangat, nashukuru Mungu kwa ajili yenu. Gari uza kama chuma, usijisumbue. Huko mimi sirudi tena. Msalimu Kiprono. Njoroge."

Nilikuwa nimeingoja barua ile kwa muda mrefu, na ilikuwa na maneno machache kuliko risiti. Nilitaka kuandika arudi. Nilitaka kuandika kwamba Kogo ameshika uzi, kwamba Kiprono alisema uongo mbele ya panga sita. Nikachana karatasi mbili. Mwishowe nikaandika swali la kazi, na mchoro chini yake: "Fundi, nyumba ya gurudumu la nyuma imenishinda. Inajikunja pande mbili kwa wakati mmoja na bati langu linapasuka. Wewe ungeanzia wapi?"

Jibu lilikuja siku nne baadaye. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi ya kaki ya mfuko wa simiti, imekatwa umbo la kiraka, na mishale ya penseli. "Anza katikati, piga kutoka ndani, tumia mfuko wa mchanga. Usiharakishe. Mchoro ulioniletea ni mbaya sana, chora tena."

Nikachora tena. Karibu mwaka mzima tuliandikiana hivyo, yeye na karatasi za simiti, mimi na michoro ambayo haikuwahi kumridhisha. Hakutaja kurudi nami sikumuuliza. Lakini barua zilirefuka. Katika moja aliandika kwamba Naivasha ni vumbi na upepo, mtu hawezi kupaka rangi. Katika nyingine aliuliza kama mvua ya mawe imeharibu chai mwaka huu. Mtu ambaye amefunga mlango haulizi hali ya hewa.

Kilichobaki mwishoni kilikuwa kipande kirefu cha chini ya dirisha la nyuma, chenye mkunjo mwembamba ambao sikuwahi kuuona kwenye gari lingine. Nilimwandikia kuhusu hicho na kungoja. Wiki moja, mbili, tatu. Jumamosi ya nne, saa nane mchana, mtu alikuja akipanda kutoka soko la Kiptere kwa miguu, na begi begani na karatasi ndefu ya kaki imeviringishwa chini ya kwapa. Niliijua miguu kabla ya uso.

"Hii karatasi isingekunjika kwenye bahasha," Fundi Njoroge akasema.

Alikuwa amekonda na nywele zimekuwa nyeupe pembeni. Kogo ndiye aliyefika wa kwanza kumpa mkono. Alimsalimu kwa Kikipsigis, kisha Kiswahili chake kidogo akakitumia chote: "Chamgei, mzee. Kari yako imepona."

Hakunywa chai kwanza. Aliingia bandani akaanza na kidole gumba, kuanzia madigadi ya kushoto, akazunguka gari lote, milango, mbavu, sakafu, nyumba za magurudumu. Ilichukua karibu saa nzima. Mimi, mwenye kazi ya kudumu na cheti, nilisimama pale nikingoja kama siku ya lori la majani. Aliporudi mbele aligusa ile madigadi ya kushoto, yenye vijibonde vya viraka vyangu vya kwanza.

"Hii ni ya mwanzo?"

"Ndiyo, Fundi."

Akaenda ya kulia. "Na hii?"

"Nilifanya mwezi uliopita."

Akaivua kofia yake akajipangusa uso nayo. "Nilikuambia uuze," akasema.

"Nilisikia."

"Masikio yote mawili?"

"Yote mawili."

Alikuwa amesema amekuja kwa siku moja. Alikaa kumi. Kipande cha dirisha la nyuma tulikifanya pamoja, yeye na doli, kile chuma cha kukingia nyundo, ndani, mimi na nyundo nje, na sikumbuki kama tulizungumza. Fundi mmoja wa injini kutoka karakana alikuja Jumapili baada ya kanisa akaweka klachi. Ndani ya mbavu tulimimina mafuta machafu ya injini yaliyopashwa moto mpaka yakatokea vitunduni, tukapaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kisha ya chai ya maziwa juu yake. Siku ya pili Arap Mutai alikuja. Alisimama, akasalimia, akazungumzia ndama. Kisha akasema trela lake la kubebea nepia lina ufa, na je, Mzee Njoroge angeweza kuliangalia? Hiyo ndiyo samahani aliyoijua kuomba. Njoroge alichukua nyundo akaenda naye.

Asubuhi ya mwisho akaniambia anataka kupitia Fort Ternan. "Nikaone kama kuna mtu wa kununua lile shamba. Kisha nirudi Naivasha. Wewe endesha, nataka kulisikiliza."

Tulipita Kericho kwenye mvua, tukateremka kwa barabara ya murram isiyo na lami, chai ikaisha, joto likaanza, tukaona miwa. Yeye alikuwa ameinamisha sikio upande wa mlango. Njia nzima alirudia mambo yale yale: nyumba lazima haina mabati, shamba lazima limeliwa, Mama Wambui ameapa hatakanyaga tena, mtu akitoa bei yoyote atachukua. Nilikubali kila kitu. Dereva hana haki ya kubishana.

Nyumba kweli haikuwa na mabati. Magugu yalikuwa yamefika madirishani. Lakini ua wa miiba wa kaiyaba uliotenganisha shamba lake na la jirani ulikuwa umepunguzwa vizuri, pande zote mbili, upande wa kwao na upande wake, na ulikuwa na majani mapya. Njoroge alishuka akasimama akiutazama. Aligusa pale ulipokatwa, kama anavyogusa bati.

Jirani akatoka nyumbani kwake, mama wa makamo, Mkipsigis mwenzangu, mikono ina unga. Alilitazama gari kwanza, kisha yeye. Nilimwona Njoroge akijiandaa, amekaza mabega. Yule mama hakusema pole, wala hakuuliza alikuwa wapi. Alikuja mpaka uani, akatupa macho ndani ya gari, kiti cha mbele, cha kati, cha nyuma, kama anayemtafuta mtu aliyelala humo.

"Baba Wambui," akasema, "na Mama Wambui yuko wapi?"

Niliangalia usukani. Nilingoja aseme Naivasha, aseme mnunuzi, aseme yote aliyokuwa ameyasema barabarani.

"Anakuja," Njoroge akasema.

Na Mama Wambui alikuja, mahindi ya Njoroge kwenye shamba lile yakiwa yamefika magotini.